Maksi za gemu: nani huzitoa, na zinamfaa nani?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata kuyasikia.)



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wazee wengi hulidharau na vijana wengi huliamini kupita kiasi. Nalo ni maksi ambazo wahakiki huitolea michezo ya video, ile ya mashine zinazounganishwa na televisheni, ambayo watoto wetu huiita gemu.

Najua yuko atakayesema: huyu naye leo amekosa la kusema, anatuletea mambo ya watoto. Subiri kwanza, ndugu yangu. Gemu kubwa inapotoka siku hizi huko Marekani na Ulaya huuzwa dola 60 hadi 70. Kwa shilingi ya Tanzania hiyo ni kama laki moja na nusu au zaidi. Kwa fedha hiyo nyumba nyingi hununua mchele wa mwezi mzima. Tena ni bidhaa ambayo huwezi kuibonyeza kama embe wala kuionja kama asali kabla ya kulipa. Unaona picha nzuri kwenye boksi, unasikia tangazo, unatoa fedha. Ikiwa ni mbovu, umekwisha kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ndiyo maana akazuka mhakiki. Yeye hucheza kabla yako, kisha huandika aliyoyaona na kutoa alama. Kazi hiyo ni ya heshima, na haja yake ilionekana mapema. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa gemu ya E.T., iliyotokana na filamu iliyopendwa mno mwaka huo. Mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa kama majuma matano tu kuikamilisha, ili iwahi Krismasi. Wazazi walinunua kwa jina la filamu. Watoto walipocheza, wakakuta shujaa wao anatumbukia mashimoni kila mara bila kujua afanye nini. Kaseti zikarudi madukani, nyingine hazikununuliwa kabisa, na mwaka 1983 mizigo ya kaseti za Atari ilifukiwa jalalani katika mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Mwaka 2014 watu walichimba pale wakazikuta, na E.T. zikiwa miongoni mwake.

Sisemi kwamba gemu moja iliangusha biashara nzima. Soko la Marekani lilianguka mwaka 1983 kwa sababu nyingi. Lakini moja ya sababu hizo ni kwamba rafu za duka zilijaa gemu mbovu zilizochanganyika na nzuri, na mnunuzi wa kawaida hakuwa na njia ya kutenganisha mchele na chuya.

Miaka iliyofuata magazeti ya gemu yakashamiri. Kule Japani, mwaka 1986, lilianza gazeti ambalo leo linajulikana kwa jina la Famitsu. Utaratibu wake ni wa kuvutia: wahakiki wanne hucheza gemu moja, kila mmoja hutoa alama zake kati ya 10, kisha zinajumlishwa kuwa kati ya 40. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla gemu yoyote haijapata 40 kamili. Ya kwanza ilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya kampuni ya Nintendo, mwaka 1998. Uingereza nako lilianzishwa gazeti la Edge mwaka 1993, na halikutoa 10 kati ya 10 hadi mwaka 1996, ilipotoka Super Mario 64.

Lakini tangu zamani hizo kulikuwa na magazeti ya namna nyingine. Mwaka 1988 Nintendo yenyewe ilianzisha gazeti nchini Marekani, likiitwa Nintendo Power, na ndani yake gemu za mashine ya Nintendo zilielezwa na kupewa alama. Nakuuliza msikilizaji, muuza maziwa akikuandikia cheti kwamba maziwa yake hayana maji, utakipokea cheti hicho kwa moyo gani? Sisemi waliandika uongo. Nasema tu kwamba jambo la kwanza la kuuliza juu ya maksi ni nani aliyezitoa, na anakula wapi.

Sasa tuangalie mhakiki hufanyaje kazi. Kwa kawaida kampuni humpelekea gemu siku kadhaa, au majuma mawili hivi, kabla haijafika madukani. Hupewa pamoja na sharti: usichapishe neno kabla ya siku fulani, saa fulani. Sharti hilo lina faida, maana huzuia wahakiki wasikimbizane kuandika kabla ya kumaliza kucheza. Lakini lina ubaya pia, maana mwenye gemu ndiye anayeshika saa. Anayejua kwamba bidhaa yake ina kasoro anaweza kuiweka saa hiyo karibu kabisa na saa ya kufungua duka.

Kisha kuna suala la muda. Gemu nyingine huhitaji saa 40, nyingine saa 60 au zaidi, ili kufika mwisho. Wewe utaicheza saa moja kila jioni baada ya kazi, kwa miezi mitatu. Mhakiki huimeza kwa juma moja, usiku na mchana, jicho jekundu, kwa kuwa mhariri anasubiri. Kinachomchosha yeye huenda kisikuchoshe wewe, na kinachomfurahisha huenda wewe usikifikie kamwe.

Baada ya hapo anatoa alama. Hapa watu wengi hupotea, kwa sababu maksi za gemu hazisomwi kama maksi za shule zetu. Mwanafunzi wetu akipata 50 kati ya 100 anarudi nyumbani akitabasamu. Gemu ikipata 5 kati ya 10, wanunuzi huihesabu kuwa imekufa. Na ikipata 7 wengi husema ni ya hivi hivi tu. Kwa maneno mengine, kipimo kina ngazi kumi, lakini ngazi za chini zimeota nyasi kwa kukosa wa kuzikanyaga.

Kwa nini iwe hivyo? Ziko sababu tatu. Kwanza, gemu mbovu kabisa hazifiki mezani kwa mhakiki. Kurasa ni chache na muda ni mfupi, hivyo wahariri huchagua zile ambazo watu wanaziulizia. Pili, wahakiki wengi walisoma katika shule za Marekani, ambako mwenye 70 kati ya 100 amepita kwa shida, na mazoea ya darasani mtu huyabeba hadi uzeeni. Tatu ni hofu: hofu ya kampuni inayoleta gemu na matangazo, na hofu ya mashabiki, ambao wakiona gemu waipendayo imepewa 8 humtukana mhakiki kana kwamba amewatukania wazazi.

Mambo yalibadilika zaidi mwaka 2001, ilipofunguliwa tovuti ya intaneti iitwayo Metacritic. Kazi yake ni kukusanya alama za wahakiki wengi na kuzifanya namba moja kati ya 100. Mhakiki aliyetoa nyota nne kati ya tano huandikiwa 80. Aliyetoa nyota tatu, akimaanisha kwamba gemu si mbaya, huandikiwa 60. Kisha hupigwa wastani, ila si wastani wa kawaida. Baadhi ya magazeti hupewa uzito mkubwa kuliko mengine, na wenye tovuti hawatangazi ni gazeti gani lina uzito gani. Mwisho namba hupakwa rangi: kwa gemu, 75 na kuendelea ni kijani, 50 hadi 74 ni manjano, chini ya hapo ni nyekundu. Ajabu ni kwamba kwa filamu, tovuti hiyo hiyo huanzia kijani kwenye 61. Hivyo filamu yenye 65 imevaa kijani, na gemu yenye 65 imevaa manjano.

Mpwa wangu mmoja alinijia siku za karibuni, kijana wa sekondari, amedunduliza fedha zake na anataka nimwongezee.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Nasikia kuna gemu.”

“Ndiyo mjomba, hii ni nzuri kabisa. Ina tisini na mbili.”

“Tisini na mbili ya nani?”

“Ya wote, mjomba.”

“Umesoma hata mmoja wao ameandika nini?”

Akatazama chini. Hakuwa amesoma hata mmoja. Nami simlaumu, maana namba ni tamu: hukupumzisha na kazi ya kusoma. Nikachukua karatasi nikamfanyia hesabu ndogo, na wewe msikilizaji nifuate. Chukua wahakiki kumi. Tisa wametoa 90, mmoja ametoa 40. Jumla ni 850, wastani ni 85. Sasa chukua gemu nyingine, wahakiki kumi, na wote wametoa 85. Wastani ni 85 vilevile. Hizi ni gemu mbili tofauti kabisa. Ya pili ni nzuri ya kawaida, isiyo na ugomvi. Ya kwanza inapendwa mno na wengi, lakini ina jambo ambalo mtu mmoja hakuweza kulivumilia. Huenda ni mashine ya aina yake iliyokwama, huenda ni ugumu, huenda ni damu nyingi mno. Na huenda wewe ni kama yule mmoja. Wastani umekuficha kitu ulichokuwa ukikitafuta.

Kama mambo yangeishia kwa mnunuzi, ningekuwa nimemaliza. Lakini namba hii imeingia mpaka kwenye sufuria ya mtengenezaji. Mwaka 2010 kampuni ya Obsidian Entertainment ya California ilitengeneza gemu iitwayo Fallout: New Vegas kwa niaba ya kampuni ya Bethesda Softworks, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiitoa na kuiuza. Mwezi Novemba mwaka huo ilitangazwa kwamba gemu milioni 5 zimekwisha kupelekwa madukani. Utadhani waliojenga nyumba hiyo walikula na kusaza. Mwaka 2012 mmoja wa wakuu wa Obsidian, Chris Avellone, alieleza hadharani kwamba wao walilipwa ujira wa kazi tu, bila fungu la mauzo. Bonasi ingekuwapo kwa sharti moja: gemu ipate 85 kwenye Metacritic. Ilipata 84.

Alama moja, msikilizaji! Na ukirudi kwa wahakiki wenyewe, huoni mtu wa kumlaumu. Gemu ile ilitoka na hitilafu nyingi. Ilikwama, ilizimika, na wahakiki wakasema hivyo kwa haki, maana kazi yao ilikuwa kumlinda mnunuzi. Hakuna aliyekaa mezani akifikiri, nikitoa 8 badala ya 9 nitamnyima mtu bonasi yake. Kosa ni la waliochukua maoni yaliyotolewa kumshauri mnunuzi wakayageuza kuwa mizani ya kupimia ujira. Kipimo cha kibaba hakipimi kitenge.

Na mizani ikishageuzwa hivyo, kila mtu hutamani kuiegemea kidogo kwa kidole. Mwezi Novemba 2007, huko Marekani, mhariri na mhakiki wa siku nyingi wa tovuti ya GameSpot, Jeff Gerstmann, alifukuzwa kazi. Muda mfupi kabla yake alikuwa amechapisha uhakiki wa gemu iitwayo Kane & Lynch: Dead Men, akaipa 6 kati ya 10, wakati kurasa za tovuti yenyewe zimepambwa kwa matangazo ya gemu hiyo hiyo. Wakati ule kampuni ilikanusha kwamba alifukuzwa kwa shinikizo la watangazaji. Mwaka 2012, alipokuwa huru kusema, Gerstmann alieleza kwamba watangazaji walikuwa wakitishia kuondoa fedha zao kwa sababu ya alama za chini, na kwamba wakuu wapya waliokuwa hawajazoea kazi ile walishindwa kustahimili. Kila anayenunua gazeti na ajiulize, ukurasa wa maoni una ukuta wa unene gani unaoutenga na ukurasa wa matangazo. Swali hilo si la gemu peke yake.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwezi Desemba 2020 kampuni ya CD Projekt Red ya Polandi ilitoa gemu iliyongojewa kwa miaka mingi, Cyberpunk 2077. Kabla ya siku ya kutoka, wahakiki walipewa gemu ya kompyuta tu, tena walizuiwa kuonyesha picha za video walizonasa wenyewe. Kwenye kompyuta zenye nguvu gemu ilikuwa nzuri, na maksi zikamwagika. Siku ya tarehe 10 mamilioni ya watu wenye mashine za kawaida, PlayStation 4 na Xbox One, wakafungua maboksi yao. Magari yalizama barabarani, nyuso hazikuwa na sura, mchezo ulizimika ovyo. Juma moja baadaye Sony iliiondoa gemu hiyo kwenye duka lake la intaneti na kuahidi kurudisha fedha za wateja. Haikurudi dukani humo hadi mwezi Juni 2021. Wahakiki walipoipata ya PlayStation 4 wakaipima, wastani wake uliangukia hamsini na kitu. Viongozi wa kampuni waliomba radhi hadharani.

Angalia vizuri: alama za mwanzo hazikuwa za uongo. Zilikuwa za kweli kwa mashine nyingine. Mnunuzi alisoma namba, hakusoma ilipimwa wapi. Na jambo jingine: kampuni hiyo iliendelea kurekebisha gemu kwa miaka, na marekebisho makubwa ya Septemba 2023 yakawaridhisha wengi waliokuwa wamekasirika. Gemu ya siku hizi hubadilika kila mwezi, lakini maksi zilizoandikwa siku ya kwanza hubaki pale pale.

Wengine wamesema basi, tuwaache wahakiki, tusikilize umma. Nao umma una yake. Tarehe 19 Juni 2020 ilitoka The Last of Us Part II. Wahakiki waliipa wastani wa 93. Siku ile ile maelfu ya watu waliijaza Metacritic alama za sifuri na moja, ilhali gemu yenyewe huhitaji zaidi ya saa 20 kuimaliza. Wengi walikuwa na hasira juu ya hadithi waliyoisikia imevuja kabla. Mwezi uliofuata tovuti hiyo iliweka sheria kwamba watumiaji wangoje saa 36 baada ya gemu kutoka ndipo waandike alama zao. Sauti ya wengi ina nguvu, lakini aliyepiga kelele mlangoni hajaonja chakula kilicho mezani.

Je, tufanyeje? Mimi nashauri mambo machache. Namba itumie kama kengele ya mlango: inakuambia kuna mtu, haikuambii ni nani. Kisha soma uhakiki mmoja uliosifu na mmoja uliolaumu, hata kwa haraka, uone wanagombana juu ya nini. Angalia mhakiki alichezea mashine gani, na kama ndiyo uliyo nayo. Mtafute mhakiki mmoja au wawili ambao ladha yao unaifahamu, kama unavyomfahamu jirani ambaye akisema filamu fulani ni nzuri unajua itakuchosha. Naye anakufaa huyo, mradi hageukigeuki. Na usinunue siku ya kwanza. Ngoja majuma mawili. Gemu nzuri haitakimbia, na mara nyingi bei itashuka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa wazazi nina neno moja zaidi. Maksi 92 hazikuambii kama gemu inamfaa mtoto wa miaka tisa. Mhakiki hupima ufundi. Umri unaoruhusiwa huandikwa penginepo, kwenye boksi lenyewe. Geuza boksi usome.

Mpwa wangu nilimwongezea fedha, lakini kwa sharti: aniletee kwanza sababu mbili za kuinunua na mbili za kutoinunua, kutoka kwa watu walioicheza. Alirudi baada ya siku tatu na gemu nyingine kabisa, yenye 78, ya kijani si mbali na manjano, kwa nusu ya bei. Sababu zake zilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea.

Hadi juma lijalo, msikilizaji, nakutakia heri.